Mgeni wa Barazani

Mombasa ina namna yake ya kumsuta mtu anayekuja kwa shida tu. Hafukuzwi. Atapokewa, ataletewa chai na mahamri, ataulizwa habari za watoto mmoja mmoja kwa majina yao, na katikati ya vicheko mwenye nyumba atamtupia: "Leo umepotea njia?" Aliyekulia hapa anajua uzito wa swali hilo. Hesabu imewekwa. Harusini ulituma salamu, mazishini ulituma mchango kwa simu, Idi na Krismasi hukuonekana. Leo una fomu ya kutiwa saini, umeikumbuka njia ya Kibokoni.

Nadhani Mungu angekuwa na haki ya kutuuliza hivyo sisi Wakristo wa kisiwa hiki. Tunamwendea na fomu mkononi. Mtoto anakaribia mtihani, mume anasubiri jibu la kazi bandarini Kilindini, binti ana mahojiano ya kwenda Qatar, mama ameandikiwa upasuaji: hapo magoti yanakunjika, mkesha unahudhuriwa, sadaka ya shukrani inaahidiwa hata kabla ya kitu chenyewe kupatikana. Jibu likija tunashukuru siku moja, kisha tunapotea njia tena. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nasi tumeishika methali hiyo kana kwamba rafiki hana kazi nyingine. Lakini mtu anayekujua kwa machozi yako tu bado hajakujua. Hajui kinachokuchekesha, hajui unavyopenda kula, hajui unavyokuwa siku ambayo hakuna lililotokea. Na siku za namna hiyo ndizo nyingi.

Sina ugomvi na maombi ya shida. Injili zimejaa watu waliomwendea Yesu kwa shida tupu, vipofu, wakoma, baba mwenye mtoto wa kifafa, na hakumsuta hata mmoja wao. Ninachouliza ni kwa nini tubaki palepale miaka nenda miaka rudi, tukiwa tumebatizwa, tumeimba kwaya, tumekuwa wazee wa kanisa.

Nyumba za zamani za Mji wa Kale zinanisaidia kulieleza jambo hili. Mbele ya nyumba kuna baraza, kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta, na yeyote apitaye anaweza kuketi pale bila kuomba ruhusa: muuza kahawa na dele lake, hamali aliyechoka, mzee anayesubiri wenzake. Kutoka barazani unaingia daka, sehemu ya mlangoni, na mtu wa daka tayari ni mtu anayejulikana. Baada ya daka kuna ukumbi, na kupita ukumbi kuna ndani, mahali watu wanapoishi kweli: kuna mgonjwa amelala, kuna nguo hazijakunjwa, kuna ugomvi wa jana ambao haujapoa. Mtu anaweza kuketi barazani kwako miaka ishirini, mkapendana, mkazikana, na asijue rangi ya pazia la chumbani. Basi wengi wetu Mungu tumemweka barazani. Heshima tunampa, kahawa tunampa, kashata pia. Mazungumzo yenyewe ni ya barazani: habari nzuri, tunashukuru, Bwana asifiwe. Ndani hajafika. Ndani kuna mkopo ambao mume hajaambiwa, kuna ndugu tusiyezungumza naye tangu kugawana shamba la baba, na mara nyingine kuna hasira juu yake Mungu mwenyewe. Kitabu cha Ufunuo kinamwonyesha Kristo amesimama mlangoni akibisha, akitaka kuingia ale na mwenye nyumba. Wahubiri wengi huitumia picha hiyo kuwaita wasioamini, lakini barua ile iliandikiwa kanisa, Wakristo wa Laodikia, watu waliokuwa na uhakika kwamba hawapungukiwi na kitu.

Wapo watakaosema kwamba mazoea yataondoa heshima. Sioni hivyo. Anayefika ndani ndiye anayejua mahali pa kuvulia viatu.

Hata hivyo, tusilaumu uvivu wetu peke yake. Katika kisiwa hiki jina la Yesu lilipandishwa juu ya mizinga. Wareno walianza kuijenga ngome yao mwaka wa 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, wakaiita Fort Jesus. Ngome hiyo imewahi kuzingirwa na Waomani, 1696 hadi 1698, na kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya jela. Fikiria miaka hiyo sitini na zaidi: jina la Mwana wa Mungu, katika midomo ya watu wa Mombasa, lilikuwa anwani ya wafungwa. Leo ni jumba la makumbusho. Ukuta mmoja ndani yake bado una michoro iliyoachwa na Wareno, meli na watu na vinginevyo, na mimi huipenda kuliko mizinga yote, kwa sababu inaonyesha watu wasio na la kufanya, mbali na kwao, wakijaza saa za mchana wa joto. Sidhani makasisi waliohubiri juu ya utawala wa Kristo waliwahi kuhubiri juu ya saa hizo.

Na kulikuwa na Yusuf. Baba yake, Sultani Hasan wa Mombasa, aliuawa kwa njama zilizomhusisha kapteni wa ngome. Mtoto akachukuliwa hadi Goa, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Agostino, akabatizwa, akapewa jina la Jerónimo, na mwaka wa 1626 akarejeshwa Mombasa awe mfalme Mkristo chini ya Wareno. Kwa macho ya nje kila kitu kilikuwa sawa: jina la Kikristo, ndoa ya Kikristo, hata barua ya utii kwa Papa. Lakini alikuwa na kaburi la baba mjini. Masimulizi ya wakati ule yanasema alionekana akisali kaburini hapo kwa desturi ya Kiislamu, na habari zikamfikia kapteni. Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akaiteka ngome. Wakristo waliokataa kuiacha imani yao waliuawa, Wareno na Waafrika, wanaume kwa wanawake. Kanisa Katoliki limewakumbuka kama mashahidi wa imani, na sioni sababu ya kuwapunguzia heshima hiyo. Yusuf mwenyewe aliondoka mwaka uliofuata, akawa mtu wa baharini, akafia Jedda.

Historia hii husimuliwa kama vita vya dini mbili. Mimi naona pia mtoto aliyepewa Mungu na watu waliohusika na kifo cha baba yake. Alifundishwa katekisimu, bila shaka vizuri, kwa maana watawa wale walikuwa wasomi. Hakuna aliyemuuliza habari za kaburi. Imani yake ilimalizikia barazani, ikipokea wageni kwa adabu, huku ndani mtu mzima akilia kwa lugha nyingine. Urafiki haulazimishwi, utii unaweza kulazimishwa, tena kwa muda mrefu, na ukaonekana kama ibada.

Upande wa pili wa mkondo, ukiwa Bandari ya Kale unatazama ng'ambo, kuna Frere Town. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS waliianzisha katika miaka ya 1874 na 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa kutoka majahazini na meli za Waingereza. Kengele yake ndiyo iliyoliachia eneo lile jina la Kengeleni, ambalo makondakta wa matatu hulipigia kelele hadi leo. Mamia ya watu walishushwa pale, Wayao, Wanyasa na wengine, wengi wao watoto, wakapewa mashamba, shule na majina ya Biblia. Tarehe 1 Januari 1889, kule Rabai, wakala wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, George Mackenzie, aligawa vyeti vya uhuru kwa watumwa watoro waliokuwa wamejificha katika misheni, zaidi ya 1,400 kwa jumla, baada ya mabwana wao kulipwa fidia.

Nimelifikiria sana neno la Yesu katika sura ya kumi na tano ya Yohana nikiwa na watu hao akilini. Usiku wa mwisho, mezani, aliwaambia wanafunzi wake kwamba hawaiti tena watumwa, maana mtumwa haambiwi anachofanya bwana wake; wao amewaita rafiki, kwa sababu amewajulisha yote aliyoyasikia kwa Baba. Kwa msomaji wa leo hiyo ni mistari mizuri. Kwa mama wa Frere Town, aliyewahi kutembezwa hadi pwani bila kuambiwa aendako, ilikuwa habari juu ya maisha yake. Alijua kwa mwili wake maana ya kutoambiwa. Cheti cha uhuru kilisema yeye si mali ya mtu. Hakikusema ni rafiki ya nani. Na misheni yenyewe haikuwa nyepesi. Kengele ilipanga kazi na sala, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi wake alishutumiwa kwa kuwachapa watu viboko. Kwa hiyo walitoka kwa bwana mmoja, wakamkuta Bwana mwingine ambaye watumishi wake walishika fimbo. Wengi walimpenda hivyo hivyo. Huo kwangu ni muujiza mkubwa kuliko majengo yote yaliyobaki, ikiwa ni pamoja na Kanisa Kuu la Ukumbusho la mwaka wa 1905 pale barabara ya Nkrumah, lenye kuba linalomdanganya mgeni akadhani ni msikiti.

Rafiki, basi, ni yule asiyefichwa. Jambo hilo ni la zamani kuliko Yohana. Katika Mwanzo, Mungu yuko njiani kwenda Sodoma, naye anajiuliza kama itafaa kumficha Ibrahimu analotaka kufanya. Hamfichi. Na Ibrahimu akishaambiwa, hasemi amina. Anasimama kupatana bei, kutoka watu hamsini hadi kumi, kwa unyenyekevu wote na kwa ukaidi wote, na Mungu anakubali kila anaposhuka. Biblia inamwita mtu huyo rafiki wa Mungu. Majirani zetu Waislamu wanamwita Khalilullah, na maana ni ileile, kwa hiyo asije Mkristo wa Mombasa akadhani urafiki na Mungu ni bidhaa ya duka lake peke yake. Tena inapendeza kukumbuka kwamba mmisionari Johann Ludwig Krapf alipoanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili hapa mjini, Juni 1844, msaidizi wake alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Mkristo na kadhi, mezani pamoja, wakihangaikia mwanzo wa dunia.

Mwezi uliofuata, Julai, mke wa Krapf, Rosine, alikufa kwa homa baada ya kujifungua, na siku chache baadaye mtoto wa kike akamfuata. Walizikwa ng'ambo, upande wa bara. Krapf, naye hoi kwa homa, aliwaandikia wakuu wake London kwamba kaburi lile ni ishara ya vita vilivyoanza, na kwamba saa ya Afrika imekaribia. Barua hiyo imenukuliwa katika vitabu vya misheni mara nyingi mno. Ni barua ya ushujaa, na ni barua ya ofisini. Mimi ningetoa vitabu vyote hivyo kupata alichomwambia Mungu usiku ule, kabla ya kushika kalamu. Ikiwa alimwambia yaleyale aliyowaambia wakuu wake, namhurumia. Ikiwa alimlaumu, alimuuliza kwa nini, alinyamaza kwa ghadhabu, basi alikuwa karibu na Mungu kuliko barua inavyoonyesha. Zaburi zina mwenzake: ile ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizikia gizani, bila neno la faraja mwishoni, na hakuna mhariri aliyethubutu kuitia sukari. Ayubu alisema makali zaidi. Makanisani mwetu tunawafundisha waliofiwa kusema "Mungu hakosei" kabla hata udongo haujakauka, na tunaita hiyo imani. Mara nyingine ni adabu ya barazani tu, mbele ya mgeni ambaye hatujamzoea kiasi cha kumwonyesha uso uliovimba.

Lakini majonzi si ya kila siku, na mada yangu ni kila siku. Hapa Mji wa Kale una somo ambalo hatulipati kanisani. Mkristo anayepanga nyumba Kibokoni au Kuze anaamshwa na adhana ya alfajiri apende asipende. Kabla ya mwaka kwisha utamsikia akisema "tuonane baada ya alasiri" au "niliondoka magharibi" bila kujua ameanza lini. Siku yake imekatwa vipande vitano na jina la Mungu. Kuna wanaonung'unikia vipaza sauti. Wengine wamegundua kwamba wanaweza kuazima saa bila kuazima dini: adhana ikilia, nao wanasema na Mungu wao maneno mawili matatu, wakiendelea kukatakata vitunguu. Wala si jambo geni kwetu. Danieli alisali mara tatu kwa siku, dirisha likiwa wazi. Petro na Yohana walikuwa wanakwenda hekaluni saa tisa, saa ya sala, walipomkuta kiwete mlangoni. Wakatoliki wana sala ya Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni. Tulikuwa na saa zetu, tukaziacha zikaanguka, tukabaki na saa nne za Jumapili na mkesha wa Ijumaa.

Anasema nini, huyo wa vitunguu? Hilo ndilo watu huniuliza, wakitarajia fomula. Anasema vitu vya kawaida. Samaki wamepanda bei. Kijana wa tatu hakurudi jana hadi usiku wa manane. Nimemkumbuka marehemu. Nimecheka sana leo na mama Fulani. Bruda Lawrence, mtawa Mkarmeli wa Paris aliyefariki mwaka wa 1691, aliishi na Mungu hivyo jikoni mwa monasteri, kazi ambayo kwa asili hakuipenda kabisa, na alisisitiza kwamba katikati ya masufuria aliweza kuwa na Mungu kama alivyokuwa naye akipiga magoti. Hapa kwetu pana nafasi zaidi ya jikoni. Kuna foleni ya feri ya Likoni, ambapo maelfu husimama asubuhi bila cha kufanya isipokuwa kutazama simu na kulaumu serikali. Kuna kivuli cha mibuyu ya Mama Ngina. Kuna kusubiri stima irudi. Huko si lazima mtu aseme kitu. Marafiki wa kweli hukaa pamoja wakinyamaza, na mmoja akiuliza wamefika wapi na mazungumzo, mwenzake anajibu bado tuko palepale.

Kusikiliza ni kugumu zaidi, na hapa natofautiana na wahubiri wengi wa mji wetu, ambao Mungu wao huwapa ujumbe kila dakika kumi, mara nyingi juu ya jirani. Kwa kadiri nilivyoona, Mungu husema kidogo, na husema hasa kwa yale aliyokwisha kusema: aya ya Injili iliyosomwa polepole, leo ileile ya jana, mpaka ianze kumuuliza msomaji maswali. Na husema kwa watu. Mwezi wa Ramadhani sahani ya futari huletwa kwa Mkristo wa ghorofa ya chini, tambi, viazi vya nazi, sambusa mbili zimefunikwa, hairudishwi tupu. Anayetaka kumjua Mungu huku anawasema vibaya wenye sahani hiyo anajisumbua.

Nikimaliza, kuna mzee mmoja wa Malindi ambaye swali lake halijapata jibu zuri tangu 1542. Mwaka huo Francis Xavier, Mjesuti aliyekuwa safarini kwenda India, alishuka Malindi kwa siku chache. Katika barua yake kutoka Goa anasimulia kwamba Mwislamu mmoja mwenye heshima alimuuliza kama Wakristo huenda sana kanisani na kama husali kwa moyo, kwa sababu kwao bidii ilikuwa imepoa: katika misikiti kumi na saba ya mji ule ni mitatu tu iliyohudhuriwa, nayo na watu wachache. Alitaka kujua kama na kwetu ni hivyo. Ni swali la mtu anayetafuta mwenzake wa kusikitika naye. Xavier alimjibu kwa hoja, kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini na ndiyo maana zinakufa. Mzee hakuridhika, na sishangai. Xavier alikuwa mtakatifu, lakini siku hiyo alikuwa na haraka, merikebu ilikuwa ikingoja.

Mzee huyo angekuja leo akaketi nasi Mombasa, habari za makanisa tungemjibu kwa fahari: yanajaa, viti vinaongezwa nje, vipaza sauti vyetu pia vinanung'unikiwa. Nadhani angesikiliza kwa adabu, kisha angeuliza habari za Jumanne, saa nane mchana. Hapo ingebidi tumwagizie kahawa kwanza.